Eka Mbili na Nusu

Mwezi wa Novemba mwaka 1983 karani mmoja, aliyekuwa amestaafu kazi ya ofisini mjini Nairobi baada ya miaka 31, alitoa karibu kiinua mgongo chake chote akanunua shamba la eka mbili na nusu. Shamba lenyewe lilikuwa pembeni mwa Spring Valley, pale bustani za nyumba kubwa za mji zilipokoma na mashamba ya watu wa Kabete yalipoanza. Lilikuwa refu na jembamba. Kichwa chake kilikuwa juu, karibu na njia, na mguu wake uliteremka mpaka kwenye kijito. Jina la Spring Valley maana yake ni Bonde la Chemchemi, na kwa kweli huko chini maji yalitoka ardhini hata wakati wa kiangazi. Mwenye kuliuza alikuwa amekwisha kung'oa mibuni yake mizee, na majani yalikuwa yamefika magotini.

Mtu anunuaye malisho wakati wa mvua hununua kwa macho. Bwana huyu alisimama juu ya shamba, akatazama majani yale yakiinamishwa na upepo, akaona katika fikira zake ng'ombe wake watatu wakila humo mpaka jioni pasipo mchungaji. Ng'ombe hao walikuwa Friesian mkubwa aliyekuwa fahari yake, mmoja wa damu ya Ayrshire, na Jersey mdogo ambaye hakuwa wake hasa, bali wa mkewe, aliyemnunua kwa fedha za mchango wa kina mama. Maziwa ya hao watatu ndiyo yaliyokuwa yakilipa karo ya kijana wao wa mwisho, ambaye mwaka uliofuata angeingia kidato cha nne.

Ni vema kukumbuka kwamba jambo hili la karani kufuga ng'ombe wa kizungu halikuwa la tangu zamani. Kabete ilikuwa na maabara ya mifugo tangu mwaka 1910, na kituo cha kupandisha ng'ombe kwa sindano tangu mwaka 1946, lakini wenyeji waliokaa ng'ambo ya ua walifuga ng'ombe wa kienyeji tu. Ni baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, ulioanza kukusanya vishamba vilivyotawanyika na kuwapa watu hati, ndipo mkulima wa Kiafrika aliporuhusiwa kwa wingi kufuga ng'ombe wa maziwa wa aina bora. Baba yake karani alikufa akijua ng'ombe wenye nundu tu.

Basi shauri likawa moja: shamba hili litumiwe namna gani? Baba yake mdogo, mzee aliyeishi naye boma moja, alisema neno lake mara moja wala hakulirudia. "Mwanangu, lima viazi na mahindi. Ng'ombe ni kazi isiyo na Jumapili." Karani alimwitikia kwa heshima, lakini hakulifuata.

Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kubadili nia. Siku chache baada ya kununua alihudhuria baraza la wakulima, akamsikia afisa wa mifugo akieleza habari za kulisha ng'ombe zizini. Miaka ile mafundisho hayo yalikuwa yameenea sana, hasa tangu mradi wa maziwa uliosaidiwa na Uholanzi ulipoanza mwaka 1980. Afisa alisema kwamba eka moja ya nepia iliyotiwa samadi vizuri yaweza kulisha ng'ombe mmoja hata wawili, na kwamba ng'ombe asiyetoka zizini hakutani na kupe. Neno hilo la kupe lilimwingia. Tangu mwaka 1904 wataalamu wamejua kwamba ndigana kali huletwa na kupe wa kahawia akaaye masikioni, na Kabete hapakuwa na boma lisilowahi kuzika ng'ombe kwa ugonjwa huo. Chanjo iliyokuwa ikitengenezwa Muguga, umbali wa mwendo mfupi tu kutoka hapo, ilikuwa bado haijawafikia wakulima wadogo. Karani akarudi nyumbani amekata shauri: shamba zima litapandwa nepia, na ng'ombe watalishwa horini.

Mkewe alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akauliza, "Baba watoto, hayo majani yatatoka shambani kwa miguu yake?"

Swali hilo afisa hakuligusa barazani, na si ajabu, kwa maana waliokuwa wameketi mbele walikuwa wanaume. Ng'ombe aachwapo malishoni huyafuata majani. Afungwapo zizini majani ndiyo humfuata yeye, na tena maji, na samadi yake haina budi kuondolewa. Karani, kwa desturi ya kazi yake, hakubishana bali alifungua daftari. Akaazima mizani ya kahawa, akapima majani mabichi aliyokula kila ng'ombe kwa siku moja. Friesian alikula kilo 75, yule wa Ayrshire kilo 60, na Jersey kilo 45. Jumla kilo 180, yaani mizigo sita ya kilo 30. Maji yalikuwa zaidi ya madebe kumi. Mama watoto alisoma hesabu hiyo, akasema, "Mizigo sita. Nami nina mgongo mmoja."

Karani akasema ataichukua yeye. Akaichukua kwa siku nane, akipanda mteremko na furushi kichwani mbele ya vijana waliokuwa wakimwita Bwana Karani. Siku ya tisa alikaa kitako mbele ya daftari akaanza hesabu upya, na safari hii alimwita mkewe wakae pamoja.

Waliafikiana hivi. Eka moja ya juu, iliyokuwa karibu na zizi, itapandwa nepia, ili mzigo usipande mlima bali uende tambarare. Sehemu ya kati, kama eka moja pia, itaachwa na majani yake ya asili, izungushiwe seng'enge na kugawanywa vipande vinne, ng'ombe wakile kipande kimoja na vitatu vipumzike. Majani hayo hayakuwa ya kudharauliwa. Ni yale majani mafupi yatambaayo ambayo ulimwengu mzima huyaita kwa jina la Kikuyu. Yalichukuliwa kutoka nyanda hizi mwanzoni mwa karne ya ishirini, yakapelekwa Afrika Kusini na kisha Australia, ambako ng'ombe wengi wa maziwa huyala hata leo. Hustahimili kuliwa na kukanyagwa, mradi yapewe majuma kadhaa ya kupumzika. Kupe nao wangepigwa dawa kila juma kwa bomba la mkono.

Ikabaki nusu eka ya chini, penye unyevu. Hapo palikuwa na majani mazuri kuliko yote, na hapo ndipo walipokatazana kabisa. Penye maji yasiyokauka huwa pana konokono wadogo, na konokono hao hukuza minyoo ya ini. Ng'ombe alaye majani ya hapo hukonda polepole hali tumbo limejaa, na mwenyewe hajui sababu mpaka siku ya kuchinjwa. Basi sehemu ile wakaifunga.

Kwa miezi mitatu mambo yakaenda kama yalivyoandikwa. Nepia ilipandwa, ikashika, ikakatwa mara ya kwanza mwezi wa Machi mwaka 1984. Kisha masika hayakuja.

Watu wa Kenya waliokuwa watu wazima mwaka ule hawahitaji kusimuliwa. Aprili ilipita na vumbi. Mahindi yalikufa yakiwa na urefu wa kiko, na baadaye serikali ikaagiza mahindi ya manjano kutoka ng'ambo. Nepia ya karani, ambayo mizizi yake ilikuwa bado haijaenda chini, ilitoa machipukizi ya urefu wa kiganja, ikanyauka. Vipande vinne vya katikati vililiwa vyote, na kile cha kwanza hakikuwa kimerudi zamu yake ilipofika tena. Daftari lilikuwa limepiga hesabu kwa mwezi wa Novemba. Halikuwa na ukurasa wa mwezi wa Mei.

Hapo ndipo lilipotokea shauri gumu kuliko la kwanza. Ng'ombe watatu hawangeweza kuvuka mwaka. Ilikuwa lazima mmoja auzwe, tena mapema, kabla kila mtu hajapeleka wake sokoni. Karani alitaka auzwe Jersey, kwa kuwa alitoa maziwa machache kuliko wenzake. Mkewe hakusema, "Huyo ni wangu." Alifungua daftari la mumewe mwenyewe, akamwonyesha kidole: kilo 75 na kilo 45. Yule mkubwa alikuwa akila chakula cha karibu ng'ombe wawili, na kwa njaa ile maziwa yake yalikuwa yamekwisha kupungua kuliko ya mdogo. Ng'ombe mkubwa ni mzuri penye majani tele. Penye majani haba ukubwa wake ni mdomo tu.

Bwana huyu alikaa siku mbili bila kutia neno. Mtu asimcheke. Friesian yule hakuwa mnyama tu. Alikuwa ushahidi kwa majirani kwamba miaka 31 ya kuandika barua za watu wengine ilikuwa imezaa kitu. Siku ya tatu alimpeleka mwenyewe kwa wachuuzi wa Dagoretti, akamuuza angali na nyama mwilini. Mwezi wa Agosti watu waliongoja walikuwa wakivuta sokoni mifupa.

Waliobaki wawili nao walitaka kula. Majani ya chini, yale yaliyokatazwa, yalikuwa bado kijani. Walishauriana na daktari wa mifugo, kisha wakayakata sehemu ya juu tu, wakiyaacha mashina ya karibu na tope, wakayaanika juani mpaka yakawa makavu kabisa kabla ya kuyapeleka horini; na ng'ombe wakapewa dawa ya minyoo. Hatari haikuondoka yote, lakini ilipungua. Ng'ombe wenyewe hawakuteremshwa huko hata siku moja.

Hayo hayakutosha. Ndipo mama watoto akasema neno ambalo mumewe hakutaka kulisikia, kwamba katika nyumba za Spring Valley yale majani yale yale ya Kikuyu yalikuwa yakinyweshwa maji ya bomba, yakikatwa kila juma kwa mashine, na kutupwa. Kwa miaka mingi karani alipita mbele ya malango hayo asubuhi akiwa amevaa tai. Katika mojawapo alikaa mkubwa wake wa zamani. Sasa alitakiwa kupita na mkokoteni akiomba takataka.

Alianza kwa kwenda alfajiri, kabla watu hawajaamka, lakini watunza bustani hawakati majani alfajiri. Mwisho alikwenda saa nne mchana kama mtu mwingine yeyote. Watunza bustani, ambao wengi walikuwa watu wa kwao, walimjazia magunia bila maneno, na alijifunza kuwauliza kwanza kama majani yamepigwa dawa ya wadudu, na kuyalisha siku ile ile, maana majani yaliyokatwa mafupi yakirundikwa hupata moto na kuoza. Yule mkubwa wake wa zamani alimwona siku moja langoni. Walisalimiana, wakaulizana habari za watoto, na yule bwana akauliza ng'ombe wanatoa lita ngapi. Ndivyo ilivyokwisha aibu ambayo karani alikuwa ameiogopa kwa miezi miwili.

Mvua za vuli za mwaka 1984 zilinyesha. Kijana alikuwa shuleni, karo imelipwa, akifanya mtihani wake. Nepia iliyodhaniwa imekufa ilichipua kutoka shinani, na mwezi wa Desemba mwenyewe alifungua kipande cha kwanza cha malisho, akasimama na saa mkononi, akawatoa ng'ombe baada ya muda mfupi ili majani yasiumizwe mapema. Mkewe alimwambia kwamba mtu hatazami saa mbele ya ng'ombe, lakini hakumzuia.

Shamba lile waliligawa vivyo hivyo kwa miaka mingi, nepia juu, malisho katikati, na chini pakavu pa mikono tu. Mnyama wa tatu hawakumnunua mpaka mwaka 1986, na alikuwa mtamba wa Jersey. Hori la Friesian, ambalo karani alikuwa amelitengeneza kwa mbao nzito na vipimo vya pekee, lilikuwa kubwa mno kwa ng'ombe wale wadogo. Mama watoto alilijaza udongo na samadi, akapanda sukuma wiki.