Pombe ya ngazi haingoji

Kwa karamu ya likelemba yetu tuliletewa chupa mbili za divai nyekundu ya Australia, ile inayoitwa shiraz. Zabibu zake asili yake ni Ufaransa, ambako zinaitwa syrah. James Busby alipeleka miche Australia mwaka 1832. Tuliionja chupa ya kwanza: nzito, inakausha ulimi kidogo, ina harufu ya pilipili manga. Nzuri, tunakubali. Lakini mgeni aliyetuletea alisema ile ya pili tuilaze miaka mitano ili iive. Hapo tulicheka. Divai ya kutunzwa inataka giza na baridi ya digrii 12 hadi 15. Nyumba zetu ni za mabati, na Kisangani haijui majira ya baridi. Tena divai ya bei nafuu hutengenezwa inywewe mapema. Tukaifungua siku ileile.

Pombe ya ngazi, masanga ya mbila, nayo ina kuonjwa kwake, ila umri wake tunauhesabu kwa saa. Asubuhi inafika kwa toleka kutoka barabara ya Buta, au kwa mtumbwi kutoka Lubunga, tamu, na povu jeupe. Mchana utamu unapungua, ukali unapanda. Jioni inachoma koo, na kesho yake inaelekea kuwa siki. Chachu inakula sukari na kuifanya kilevi. Baadaye vijidudu vingine vinageuza kilevi kuwa asidi. Ndiyo sababu bidoni halifungwi kwa nguvu: hewa ya ndani italipasua. Na ile iliyotiwa maji na sakarini utaijua mchana, maana utamu wake haupungui.

Utamu huo wa asubuhi unadanganya wamama. Wengine wanampa mtoto kikombe wakisema bado ni maji ya mti tu. Hapana. Ilianza kuchacha usiku, ndani ya kibuyu, juu ya mti. Mtoto asipewe, na mama mwenye mimba asinywe. Sisi walimu tunawaona watoto wanaosinzia darasani, na si wote waliokosa usingizi.

Mwenzetu mmoja analipa minervali ya watoto kwa kuuza pombe hii. Bei yake inashuka kadiri jua linavyopanda, basi ananunua kidogo, mara mbili kwa siku. Inayobaki anaimimina katika chungu chenye mdomo mpana, anafunika kitambaa safi, anaweka kivulini majuma matatu hivi. Siki hiyo tunaitia katika pilipili na kabichi.

Kabla ya kulipa anamuuliza mgemaji: mti umesimama au umelala? Mti ulioangushwa unatoa pombe majuma machache tu, halafu basi. Uliosimama anaununulia tena mwaka ujao.