MPAMBAJI MAHARUSI (JINA KAPUNI) NA VITA YA SAHANI: MWANAE ANAPUNGUZIWA DAWA ZA KIFAFA

Mjini Dar anajulikana kwa kupamba maharusi na mastaa wa Bongo Movie. Jina kapuni. Ukimuona kwenye picha, wigi la maana na kucha ndefu, huwezi kudhani kwamba kwenye pochi anatembea na kidaftari chenye tarehe, saa na idadi ya vidonge. Ni vya mwanae wa kiume, miaka 6, mwenye kifafa.

Dogo alianza kuanguka akiwa na miaka 3. Akaanzishiwa kabamazepini, ile wengi wanayoijua kwa jina la Tegretol, na ikamkubali. Ikapita miaka 2 na ushee bila kuanguka hata mara moja. Dokta akasema sasa tujaribu kuishusha. Taratibu, kwa miezi, siyo kwa siku, maana dawa hizi ukizikata ghafla mtoto anaweza kupata degedege mfululizo lisilokatika, na hilo linaua.

Hapo ndipo kila mtu akawa mtaalamu.

Mama mkwe alikuja na chupa ya asali na habbat soda. "Mwanangu, kama mjukuu wangu kapona, kwa nini bado mnampa haya madude? Yatupe."

Shosti mmoja pale saluni yeye akaja na filamu, ...First Do No Harm ya mwaka 1997, ambayo Meryl Streep anacheza mama wa mtoto mwenye kifafa. Mwongozaji wake, Jim Abrahams, mwanae wa kumzaa, Charlie, alikuwa na kifafa kilichogomea dawa, kikaja kutulia kwa lishe ya ketojeniki: mafuta mengi, wanga kidogo sana. Mwaka 1994 familia ikaanzisha taasisi ya Charlie Foundation. Lishe yenyewe hospitali za Marekani zinaitumia tangu miaka ya 1920.

Stori ni ya kweli kabisa. Lakini mdada alichukua kipande tu. Kesho yake uji ukafutwa, ugali na wali vikafutwa. Dogo akawa anakula mayai ya mafuta ya nazi, parachichi na siagi asubuhi mpaka jioni. Siku ya tatu anatapika, kalegea, na kidonge anakitoa dakika chache baada ya kumeza. Mama akamfunga kwenye khanga, bodaboda, mpaka kliniki.

Dokta hakumgombeza. "Mama, tulikubaliana tushuke ngazi moja moja. Mtoto akitapika dawa hivi, hiyo siyo kushuka ngazi tena, ni kuruka kutoka ghorofani."

Akamfafanulia. Lishe ya ketojeniki wanapewa zaidi watoto ambao dawa zimeshindwa kuwatuliza. Inasimamiwa na dokta pamoja na mtaalamu wa lishe, damu inapimwa, na chakula kinapimwa kwenye mizani. Ile ya asili kabisa ni gramu 4 za mafuta kwa kila gramu 1 ya wanga na protini zikijumlishwa. Siyo ya kukisia jikoni. Tena huyu dogo dawa ilimkubali, hakuwa na sababu ya kuihitaji.

Kumbe alichohitaji kipo sokoni. Kabamazepini ikitumika muda mrefu inaweza kushusha vitamini D mwilini na kudhoofisha mifupa, kwa hiyo dagaa, maziwa, mayai, na kucheza nje juani. Inaweza pia kushusha foleti, kwa hiyo maharage, mchicha na machungwa. Balungi hapana, maana linaongeza kiwango cha dawa hii kwenye damu. Uji kabla ya shule, milo kwa wakati, na kulala mapema, kwa sababu kukosa usingizi kunachokoza kifafa. Vidonge vya virutubisho vya dukani, hata vile vya "asili", dokta aambiwe kwanza.

Mama mkwe hakufukuzwa. Amepewa kazi ya kukaanga dagaa, na dogo anawamaliza wote. Habbat soda ipo kabatini.

Ila mdada hajidanganyi. Hakuna mchicha unaozuia kifafa kurudi. Takriban mtoto 1 kati ya 3 huanguka tena baada ya kuachishwa dawa, na dokta alimwambia hivyo machoni. Kazi ya sahani ni kumfanya dogo apite kipindi hiki akiwa na nguvu na mifupa imara. Kazi ya dawa ni ya dawa, mpaka dokta aseme basi.

Kwa hiyo dada wa kazi, bibi na mwalimu wa darasa wote wamefundishwa: akianguka mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa. Likipita dakika 5, hospitali.

Ijumaa hii dozi inashuka tena. Siku za mwanzo baada ya kushusha ndizo anazolala chumba kimoja na mwanae. Jumamosi kuna harusi Arusha, bibi harusi kamtaka yeye mwenyewe na hela ni ndefu.

Amemtuma msaidizi wake.