Njia za Miguu za Lushoto

Nilipokuwa mtoto Lushoto, mtu hakutoka nyumbani kwenda kutembea tu. Ulitoka ukiwa na pa kwenda: gulioni, shambani, kisimani, msikitini au kanisani, au kwa shangazi aliyejifungua. Ukikutana na mtu njiani, mkishamaliza salamu, swali lilikuwa moja: "Waenda wapi?" Nalo lilitaka jibu la maana. Anayesema anapunga upepo angetazamwa mara mbili.

Milima ya Usambara Magharibi haina tambarare ya kutosha kujenga barabara kila mahali. Barabara ya lami inapanda kutoka Mombo kupitia Soni, takriban kilomita 33, hadi mjini Lushoto. Vijiji vimekaa migongoni mwa vilima, kimoja kikikitazama kingine ng'ambo ya bonde, na kilichoviunganisha ni njia za miguu. Hazikupimwa na mtaalamu. Ziliamuliwa na nyayo: zinafuata mgongo wa kilima, zinakwepa mahali penye chemchemi, na zinapita pembezoni mwa shamba la mtu kwa ridhaa yake.

Bibi yangu alikaa upande wa Yoghoi, akiuza kabichi na karoti sokoni Lushoto. Nilimfuata nyuma nikiwa na kikapu changu kidogo. Alisokota ngata kwa majani makavu ya mgomba, akaiweka kichwani, akajitwika tenga, kisha hakuligusa tena kwa mkono. Penye mteremko hakuelekeza vidole chini. Alikanyaga kwa upande, unyayo ukikingama na njia, goti limelegezwa kidogo. "Usiukimbilie mteremko, mjukuu wangu," alikuwa akiniambia. "Mlima hukata pumzi tu. Mteremko ndio unaovunja magoti." Katikati ya njia palikuwa na kingo ya udongo iliyochongwa ikawa sawa na kimo cha bega. Hapo aliyebeba mzigo aliweza kuutua na kujitwika tena bila kutafuta msaidizi. Kwa miaka mingi niliiona kingo ile nikidhani ni maumbile. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba kuna watu waliichonga kwa jembe, kwa ajili ya yeyote atakayepita amechoka.

Watu wa kwanza niliowaona wakitembea bila mzigo na bila shughuli walikuwa Wazungu. Katikati ya miaka ya 1990 Bodi ya Utalii na shirika la SNV la Uholanzi walianzisha mpango wa utalii wa kitamaduni, na Lushoto ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoanza mapema. Vijana wa mjini wakafunzwa kuongoza wageni, na sehemu ya malipo ikaelekezwa kwenye shughuli za maendeleo vijijini. Sisi watoto tuliwafuata wageni mpaka mwisho wa kijiji. Wazee waliuliza kwa mshangao wa kweli: kwao hawana milima? Bibi hakushangaa sana. Alipoambiwa kwamba njia yake ya kabichi sasa watu wanalipa ili waipite, alisema jambo moja tu: wanaowaongoza wawafundishe kusalimia.

Mabadiliko makubwa zaidi hayakuletwa na wageni. Yaliletwa na pikipiki. Kuelekea mwaka 2010 bodaboda zilikuwa zimeenea mpaka vijiji ambavyo havikuwahi kuona gari. Nashukuru kwa hilo kwa moyo wote. Nakumbuka wagonjwa wakishushwa kwa machela usiku, mvua ya masika ikinyesha na udongo mwekundu ukiteleza kama sabuni. Leo mama mjamzito anafika hospitali kabla hajazidiwa, na magunia ya viazi yanafika sokoni bila kuivunja shingo ya mtu. Anayetamani zama za mizigo kichwani hakuwahi kuibeba.

Lakini njia zililipa gharama yake. Zile zilizotosha tairi zilichimbika zikawa mifereji, na maji ya mvua yakapata pa kukimbilia. Zile zisizotosha zilianza kumezwa na magugu, kwa kuwa njia isiyokanyagwa hufa. Watoto nao wakaacha kuzijua. Nilikuta vijana wazaliwa wa Lushoto ambao hawajawahi kufika Irente kwa miguu, ingawa ni kilomita tano tu kutoka mjini.

Kisha likatokea jambo ambalo bibi asingelitabiri. Watanzania wakaanza kuja kutembea. Mwaka 2020 corona ilipozuia wageni wa nje, waongozaji wengi walikosa kazi na wakawageukia wananchi wenzao. Treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ilikuwa imerudi Desemba 2019, ikipita hapo hapo Mombo. Picha za simu zikafanya kazi iliyobaki. Sasa sikukuu za Pasaka na Krismasi unaziona familia nzima: baba ana chupa za maji, mama amevaa raba, shangazi amejifunga kitenge, watoto wametangulia wanapiga kelele. Wanatoka Dar, Tanga, Moshi. Ukiwauliza waendako, wanajibu bila haya kwamba wanatembea tu.

Nami huwapeleka wanangu na binamu zao kila tunapokwenda nyumbani. Njia ya Irente inawafaa wote, hata wenye miguu mifupi. Unatoka mjini, unapanda polepole kupita Yoghoi, katikati ya mahindi, maharage na miti ya mapeasi. Unaweza kusimama kwenye shamba la Irente, mali ya kanisa la Kilutheri, ambako wanauza jibini, mkate na jemu. Kisha mashamba yanakwisha ghafla, na ardhi nayo inakwisha. Mbele yako ni genge, na karibu mita 1,000 chini ni tambarare ya Mazinde: mistari ya mkonge, barabara kuu, na reli iliyofika Mombo mwaka 1905. Malori yanaonekana kama punje za mtama. Watoto wanaoshinda wakigombea simu hunyamaza pale, kila safari.

Siku nyingine tunakwenda Magamba, kwenye hifadhi ya mazingira asilia inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Baadhi ya njia za humo ni zile zilizopitishwa enzi za kuvuna mbao, kwa hiyo ni pana na mteremko wake ni wa taratibu. Mbega hurukaruka juu, mikia yenye ncha nyeupe ikining'inia. Safari moja mwongozaji alimsimamisha binti yangu penye kichaka na kumwonyesha kinyonga mwenye pembe mbili puani, aina isiyopatikana kwingine duniani isipokuwa Usambara Magharibi. Mguu wake ulikamata kijiti kama koleo, vidole viwili huku na vitatu kule. Jicho moja lilitutazama sisi, la pili lilimfuata nzi. Mimi nililelewa kumwogopa kinyonga na kumkimbia. Binti yangu alichuchumaa akamtazama mpaka tukamwita mara ya tatu.

Hapo ndipo ninapoona faida ya matembezi haya. Mzigo umeondoka, na uondoke moja kwa moja. Kilichobaki ni kujua mahali kwa miguu yako: kujua bonde lipi lina maji, mti upi una kivuli kizuri, mzee yupi huketi kibarazani asubuhi. Mtoto anayepita kijijini kwa miguu hulazimika kusema shikamoo kwa kila mtu mzima. Anayepita ndani ya gari hawasemeshi watu, na watu hawamjui.

Ila nina wasiwasi. Viwanja vinapimwa, kuta zinajengwa, na njia iliyokuwa ya wote inakatwa usiku mmoja kwa seng'enge. Njia ya mkato tuliyoipita na bibi imeishia kwenye geti. Hakuna hati iliyoitaja, kwa hiyo hakuna aliyeitetea. Halmashauri na serikali za vijiji ziziandike njia hizi kwenye mipango ya ardhi sasa, wakati wazee wanaozikumbuka bado wapo wa kuzionyesha.

Nasi tunaotembea tuna wajibu wetu. Ardhi hii ya mteremko imegharimu watu. Miaka ya 1950 wakoloni waliwalazimisha wakulima kulima matuta, watu wakagoma mpaka mpango ukafutwa. Kuanzia 1981 mradi wa kuhifadhi udongo, SECAP, ulikuja na mistari ya majani ya Guatemala yanayozuia udongo na kulisha ng'ombe, na wakulima wengi waliyapokea kwa kuwa waliona faida yake. Unapoikata kona ili kufupisha njia, ni majani hayo unayoyakanyaga, na udongo wa mtu unaanza kushuka bondeni.

Basi mwaka huu mkipanda Lushoto, liacheni gari mjini. Mchukueni mwongozaji wa pale pale, mlipeni haki yake. Nunueni mapeasi kwa mama anayeyauza mlangoni kwake. Msitoke nje ya njia, msiache chupa, na kila mtakayekutana naye msalimieni kwanza.