Mimi Nilikuwa Laivu, Ambulensi Ikakosa Mtandao

Wasee, leo sina kichekesho. Hii stori nimekaa nayo miezi kadhaa, wacha niitoe tu.

Usiku mmoja ploti ya jirani ilishika moto. Mtungi wa gesi ulikuwa unavuja, mtu akawasha kiberiti, basi. Mimi nikafanya kile najua kufanya: nikatoa simu, nikaingia laivu. Watazamaji wakapanda mpaka elfu mbili. Nikajiona ripota.

Mara watu wakaanza kupiga nduru, "Shosho wa chumba cha nyuma yuko ndani!" Zimamoto wawili wakaingia, wakatoka mikono mitupu. Wakaambiwa jaribuni chumba cha pili. Wakarudi. Safari hiyo mmoja alitoka amebebwa, mbao ya paa ilikuwa imemwangukia begani.

Shosho hakuwa ndani. Watu wa ambulensi walikuwa washamtoa kwa geti ya nyuma kitambo.

Mbona hawakusema? Walijaribu. Dereva wa ambulensi alikuja mtaani kesho yake, akatuambia alipiga simu mara sita na hakuna hata moja ilishika. Redio alikuwa nayo, lakini redio yake na ya zimamoto haziongei.

Na simu ziligoma kwa nini? Mnara wa simu hubeba watu kwa kiasi. Wote tukirusha video kwa wakati mmoja, tunaujaza. Mmoja wa waliojaza ni mimi. Hiyo ilinikosesha usingizi.

Ndio nikaanza kusoma kuhusu magari ya kamandi. Ni basi au lori linaloegeshwa karibu na mkasa, likiwa na jenereta, antena zake na dishi ya setilaiti, kwa hivyo halingoji mnara wa mtaa. Ndani kuna mtambo unaounganisha redio ya polisi, ya zimamoto na ya ambulensi zisikizane. Kuna ramani, na kuna mtu anayeandika nani ameingia na nani ametoka. Usiku ule tulihitaji huyo mtu mmoja tu, na daftari.

Na si mtaa wetu pekee. Westgate, Septemba 2013, watu 67 waliuawa. Polisi na wanajeshi waliingia bila kamandi moja, na afisa wa polisi akafa kwa risasi ya wenzake. Hata New York, mwaka wa 2001, helikopta ya polisi ilionya kwamba jengo la pili linaelekea kuanguka, lakini onyo halikuwafikia wakubwa wa zimamoto chini. Zimamoto 343 walikufa siku hiyo. Marekani, na pesa zao zote!

Najua utasema gari peke yake haliokoi mtu. Kweli. Kama wakubwa hawajakubaliana nani anaongoza, litakuwa ofisi ya magurudumu tu. Lakini kaunti ikinunua lori jipya la kuzima moto, tunapiga picha na utepe unakatwa. Redio nani ataipigia picha?

Mimi nimebadilisha yangu. Nikifika kwa mkasa, nazima data. Kama kuna kitu lazima kisemwe, natuma meseji, kwa sababu meseji ni nyepesi na hupita hata simu zikigoma.

Juzi nilimtembelea yule zimamoto. Mkono bado hauinuki vizuri. Nikamwomba msamaha, nikamwambia naifuta ile video.

"Usifute," akasema. "Inaonyesha vile tulirudi ndani kumtafuta mtu ambaye ashatoka. Hiyo ndiyo wakubwa hawajawahi kuona."

Kwa hivyo sijaifuta. Kaunti ikiita wananchi kutoa maoni ya bajeti, naenda nayo. Kama unaishi ploti kama yangu, twende wote.