Msikilizaji wa Zinga

Bibi yangu mzaa mama, wa Kaole, hakuwahi kukaa peke yake na mtu aliyepandisha pepo. Alikuwa mganga wa pepo, na wateja walimfuata hata kwa jahazi kutoka Unguja, lakini usiku wa ngoma ilikuwa lazima awepo mwanamke mwingine wa makamo, ameshika chetezo na kutazama. Hakuwa akimtazama mgonjwa, maana mgonjwa alikuwa na ndugu zake. Alikuwa akimtazama bibi.

Utotoni jambo hilo lilinipita. Nilichokiona ni yaliyofuata: baada ya ngoma, kesho yake au keshokutwa, bibi alifunga ubani kwenye pindo la khanga tukashika njia ya mikokoni kwenda Mlingotini kwa mama yake wa uganga, yule aliyempa mkoba. Mimi ndiye niliyebeba kuku. Walikaa barazani hadi jua likapinda. Bibi alieleza kila alichofanya: alifukiza nini, alianza na wimbo upi, pepo alidai nini, mgonjwa alishikwa wapi na aliyemshika ni nani. Yule mama alikuwa mkongwe, meno yamebaki ya kuhesabu, na hakuwa mtu wa maswali mengi. Siku moja alimkatiza: "Wimbo ule ulimwimbia yeye au ulijiimbia mwenyewe?" Bibi, ambaye mjini watu wazima walimpisha njia, aliinamisha kichwa kama mwali.

Mkoba uliotolewa uliweza kurudishwa. Nilisikia habari za mtu wa upande wa Mbegani aliyenyang'anywa wake kwa sababu alimtaka mteja wake kimapenzi. Vilinge vya jirani vilipata habari, na ngoma yake haikupigwa tena. Na kila Shaabani, kabla kazi hazijasimama kupisha Ramadhani, wote waliopewa mkoba na yule mama walikwenda kwake kufanya hesabu ya mwaka. Sijasema kwamba kila kilinge cha pwani kiliendeshwa hivyo. Palikuwa na matapeli wakati ule kama walivyo sasa. Nasema nilichokiona kwa bibi.

Serikali ilikuwa na jicho lake. Tangu 1928 Waingereza walikuwa na sheria ya uchawi ambayo haikumtofautisha vizuri anayeroga na anayeagua, na bibi aliiogopa hadi uzeeni. Mwaka 2002 ikatungwa sheria ya tiba asili na tiba mbadala, likaundwa Baraza la kusajili waganga. Januari 2009, mauaji ya watu wenye ualbino yalipozidi, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisitisha leseni za waganga wote nchini. Mwanafunzi wa mwisho wa bibi alifunga kilinge, akasubiri, baadaye akajisajili upya. Cheti chake amekibandika ukutani juu ya kitanda cha wateja. Hakidharau, na mimi sikidharau. Kimemwokoa mikononi mwa polisi zaidi ya mara moja. Ila mama wa Mlingotini alishafariki, bibi naye, na wenzake wa mkoba wametawanyika Mbagala na Chalinze. Nilipomwuliza mwanafunzi huyo baada ya ngoma anamweleza nani, alicheka: "Namweleza nani, sista? Mratibu wa tiba asili wa wilaya?"

Kuniita sista ni kwa sababu ya kazi yangu. Nilisomea uuguzi, kisha usingizi, nikapangwa hospitali moja ya wilaya mkoani Pwani. Kazi ya kumtia mtu nusukaputi haina uhusiano na pepo, ndivyo nilivyoamini mpaka nilipokabidhiwa ketamini.

Ketamini ni dawa ya wenye shida. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962, ikachomwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza 1964, na tangu 1985 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa hospitali isiyo na mashine ya uhakika, ambako umeme hukatika na mtungi wa oksijeni huisha katikati ya upasuaji, haina mfano: mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe na presha yake haishuki. Kichupa cha mililita 10 kinatosha wagonjwa kadhaa wa kuunga mifupa, kusafisha majeraha ya moto au kupasua majipu. Lakini haimlazi mtu kama dawa nyingine. Macho hubaki wazi, yanacheza polepole. Mtu anatengwa na mwili wake, anakwenda, na wakati wa kurudi anaweza kurudi na kitu.

Nilimpata kijana mvuvi aliyelipukiwa na baruti. Vidole vitatu vilikwenda. Daktari alisafisha mkono, mimi nikamchoma ketamini na diazepamu kidogo, kazi ikaisha salama. Hatukuwa na chumba cha kuzindukia, hivyo alisukumwa moja kwa moja hadi wodi ya wanaume: taa zote zinawaka, redio inaimba, ndugu wamejaa na kila mmoja anamwita kwa sauti yake. Akaanza kupiga kelele kwamba yuko chini ya maji na kaka yake anamvuta mguu. Mhudumu alitaka kumfunga mikono kitandani.

Nilizima taa ya upande ule. Redio nayo. Ndugu niliwatoa, nikambakiza mama yake peke yake, nikamwambia ashike mguu anaosema unavutwa, na asiseme kitu. Mimi nikawa namwita jina lake na la mama yake, taratibu, sauti moja tu, bila kumwuliza swali. Vitabu vya usingizi vinasema mgonjwa wa ketamini azindukie mahali pa kimya na mwanga hafifu. Habari za mama na mguu hazimo vitabuni, zilitoka Kaole. Alipotulia alilia muda mrefu. Kaka yake alikuwa amezama miaka ya nyuma, wakiwa pamoja, na nyumbani hakuna aliyekuwa amelizungumza.

Asubuhi nilijaza daftari la upasuaji: jina, umri, dozi, muda, "amezinduka vizuri". Hapakuwa na safu ya kuandika mengine. Timu ya usimamizi elekezi ilipokuja kutoka mkoani ilikagua daftari, ikahesabu vichupa na kuangalia kama kabati la dawa lina kufuli. Mambo hayo ni ya lazima, ketamini huibwa. Hata hivyo nilibaki na ule usiku kifuani, na maswali ambayo nilijua mama wa Mlingotini angeyauliza. Nilipomwita kijana kwa jina la mama yake, nilikuwa na ruhusa ya nani? Mguu ule ulihitaji kushikwa kweli, au mimi ndiye niliyehitaji kuona umeshikwa?

Aliyenitoa hapo ni mzee mmoja mstaafu wa Zinga. Alikuwa wa kizazi cha etha, watu waliotia usingizi kwa kifaa cha mvuke wakiwa wameweka kidole kwenye mshipa wa shingo ya mgonjwa na sikio kwenye pumzi. Alifuga bata na hakupenda wageni. Nilikwenda kumwuliza kuhusu watoto wanaojaa mate wakichomwa ketamini, akanijibu upesi, atropini kiasi hiki, kisha akasema: "Sasa niambie, ulimwambia nini kabla hujamchoma?" Nikamwambia, kama kawaida, kwamba atalala kidogo. Akatikisa kichwa. Mtu wa ketamini halali, alisema, na ukimwambia atalala umemdanganya mlangoni. Mwambie ataona mambo, achague mwenyewe pa kwendea, na utakuwepo atakaporudi. Kama hutakuwepo, usiseme utakuwepo.

Nikawa nakwenda Jumamosi, napanda daladala hadi Zinga na daftari langu mwenyewe, si la hospitali. Jina la mgonjwa halikutajwa hata mara moja, hakuruhusu. Alisikiliza huku anawamwagia bata pumba. Mara nyingine alinishika pabaya. Alitaka kujua kwa nini wagonjwa wanawake niliwaeleza kwa kirefu na wanaume kwa ufupi. Alitaka kujua kwa nini napenda sana kuwepo wakati wa kuzinduka. Kuna watu, alisema, wanaonja dawa kupitia wagonjwa wao. Sentensi hiyo ilinikalia kwa wiki nyingi.

Alipofariki, nafasi yake ilijazwa na kundi la WhatsApp la watu wa usingizi. Lina manufaa: ukiuliza dozi usiku wa manane unajibiwa kabla hujavaa glavu. Lakini humo anayeuliza ndiye anayechagua la kuuliza, na mzee wa Zinga alikuwa fundi wa kuuliza usilolileta.

Juzi juzi mpwa wangu anayeishi Portland, katika jimbo la Oregon, alinipigia. Huko wananchi walipiga kura Novemba 2020 kuruhusu uyoga wa psilosaibini kutolewa mbele ya msimamizi mwenye leseni, na vituo vilifunguliwa 2023; yeye ni mmoja wa wasimamizi hao. Mafunzo ya darasani ni saa 120, mazoezi saa 40, kisha mtu anakaa na mteja wake saa tano au sita za safari nzima. Mama yake hajui awaeleze nini majirani wa Magomeni, nami nilimshauri asieleze. Kwetu uyoga huo ni jela, hakuna mjadala. Mpwa wangu hakuwa na shida ya masomo. "Mama mdogo," aliniuliza, "leseni ninayo, lakini wewe ulimpataje mtu wa kukusimamia?"

Nilimwambia asione kusimamiwa kuwa ni anasa. Nchini Kanada, katika majaribio ya dawa ya MDMA kwa wenye kiwewe, wahudumu wawili waliokuwa mke na mume walirekodiwa kwenye video Vancouver mwaka 2015 wakimbana na kumkumbatia mgonjwa aliyekuwa bado ndani ya dawa. Wawili walikuwepo, kamera ilikuwepo, na bado hapakuwa na aliyewatazama kwa wakati. Habari hiyo ilizungumzwa sana mwaka 2024 kabla mamlaka ya dawa ya Marekani haijakataa kuidhinisha tiba hiyo mwezi Agosti. Na ketamini yangu? Mwigizaji Matthew Perry, aliyekufa nyumbani kwake Los Angeles Oktoba 2023, alikuwa akichomwa na msaidizi wake wa nyumbani, aliyeonyeshwa na daktari namna ya kuchoma.

Alitaka niwe msimamizi wake kwa simu. Nilikataa. Uyoga siujui, na mtu wa kumsimamia awe anayeweza kupanda basi akafika mlangoni kwake, akaona macho yake. Ametafuta, amepata mwanasaikolojia wa umri wangu, analipia kwa saa, na bei imemfanya apunguze wateja, jambo ambalo huenda si baya. Kikao cha kwanza alidhani wataanza na dozi. Yule mama alimwuliza kwa nini wateja wake wote, Wamarekani watupu, anawapigia taarabu.