Jicho Lina Mwendo Wake

Wengi kati yetu wanadhani kwamba nyumba ya makumbusho ni kama shule: sharti kupita kila chumba, kusoma kila karatasi iliyobandikwa ukutani, na mwisho kujibu maulizo. Kwa sababu hiyo wengine wanaiogopa, hawaingii hata siku moja. Wengine wanaingia, lakini wanakwenda mbio kama watu waliochelewa gari la moshi, na wakitoka hawakumbuki kitu, ila miguu inawauma. Na kama nyumba yenyewe ni ya ufundi wa siku hizi, ambamo fundi anaweza kutundika mpira wa gurudumu na kuuita kazi yake, hapo woga unazidi. Mtu anajiuliza: «Mimi niliyesoma kidogo, nitaelewa nini humo?»

Nataka kuwaambia kwamba nyumba ya namna hiyo haina mtihani. Kila jicho lina mwendo wake. Mtu aliyetazama vitu vitatu vizuri amepata faida kuliko yule aliyepita mbele ya vitu mia tatu. Wazee walisema: mtaka yote hukosa yote.

Wanaotunza nyumba hizo wameujua ugonjwa huu tangu zamani. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman, aliyefanya kazi katika nyumba ya makumbusho ya Boston huko Marekani, aliandika juu ya uchovu unaowapata wageni. Alionyesha kwa picha jinsi mtu anavyoinama, anavyojikunja na kuchuchumaa ili aone vitu vilivyopangwa vibaya ndani ya makabati. Basi uchovu ule si uvivu wa mgeni. Mwili wake unateswa. Tena mwaka 2001 wataalamu walitoa hesabu ya muda ambao watu wanautumia mbele ya picha katika nyumba kubwa ya Metropolitan, mjini New York. Kwa wastani ni sekunde 27 kwa kila picha, na nusu ya nyakati walizozipima hazikupita sekunde 17. Sekunde 27! Mama anayechagua samaki sokoni anamtazama kwa muda mrefu zaidi, anamgeuza, anamfungua mashavu, ndipo anauliza bei. Je, kazi ambayo fundi aliishona kwa miezi haistahili hata heshima ya samaki?

Mimi mwenyewe nililielewa jambo hili vizuri kwa sababu ya mdogo wangu. Yeye anakaa Cape Town, kusini kabisa mwa Afrika. Kama Wakongo wengi wa huko, alianza kwa kulinda motokari za watu njiani: anamwonyesha mwenye gari mahali pa kusimama, analilinda, na mwenyewe akirudi anampa makuta kidogo, au hampi. Nyumbani Lubumbashi alikuwa kwado, yaani mtengenezaji wa mapine kando ya barabara. Mwisho wa mwaka 2017 nilikwenda kumwona.

Katika bandari ya mji ule kuna ghala kubwa la nafaka. Lilianza kujengwa mwaka 1921, likamalizika mwaka 1924. Urefu wake ni mita 57, na zamani zile lilihesabiwa kati ya majengo marefu kabisa ya Afrika iliyo kusini ya Sahara. Mahindi na ngano kutoka mashamba ya bara viliingizwa humo, vikapimwa, vikangoja meli. Miaka ikapita, nafaka ikashika njia nyingine, ghala likabaki tupu. Ndipo alipoitwa Thomas Heatherwick, Mwingereza mwenye ufundi wa kuchora majengo, aligeuze liwe nyumba ya makumbusho. Ndani mlikuwa na mapipa marefu ya saruji, jumla 42, yaliyosimama yakigusana kama miwa shambani. Alichukua punje moja ya mahindi, akapima umbo lake, akalikuza mpaka likafikia kimo cha ghorofa kumi. Kisha wajenzi wakayakata mapipa yale kwa kufuata umbo hilo. Basi anayeingia anasimama kama ndani ya tumbo la punje ya mahindi, na juu yake anaona vinywa vya saruji vilivyokatwa, vinavyopitisha mwanga. Nyumba hiyo ilifunguliwa mwezi wa Septemba 2017. Inaitwa Zeitz MOCAA, kwa jina la Jochen Zeitz, Mjerumani aliyeikopesha kazi nyingi alizozikusanya. Vyumba vyake vinakaribia 100, vimepangwa katika ghorofa tisa, na kazi yake ni kuonyesha ufundi wa siku hizi wa Afrika na wa watoto wa Afrika walio ng'ambo.

Mdogo wangu aliwaona wajenzi wakikata saruji ile, lakini hakufikiri hata mara moja kuingia. Kiingilio kilikuwa rendi 180, na yeye aliuhesabu uzito wa fedha hiyo kwa magari aliyoyalinda. Walakini siku ya tatu, yaani Jumatano, asubuhi, raia wa nchi za Afrika waliingia bure. Nilipomwambia habari hiyo alicheka.

«Yaya,» akasema, «pale ni pa watalii. Mlinzi ataniuliza ninamtafuta nani.»

«Akikuuliza,» nikamjibu, «mwambie hutafuti mtu, umekuja kutazama.»

Tukaenda saa nne na pasipoti zetu mikononi. Hakuna aliyemwuliza kitu. Mlangoni tukapatana tusifuatane. Nikamwambia: «Kila mmoja aende kwa miguu yake mwenyewe. Saa sita na nusu tukutane hapa hapa chini.»

Mimi nilipanda juu. Katika chumba kimoja nilikuta kazi ya El Anatsui, aliyezaliwa Ghana mwaka 1944 na kufundisha miaka mingi Nsukka, katika Nigeria. Kwa mbali ilionekana kama nguo ya mfalme iliyotundikwa ukutani, yenye mikunjo, iking'aa rangi ya dhahabu na nyekundu. Nikasogea: kumbe ni vifuniko vya chupa za pombe, vimepondwa na kukunjwa, maelfu kwa maelfu. Nikarudi nyuma, nikakaa. Nilipokaribia mara ya pili ndipo nilipoona kilichovishika: ni nyuzi za shaba. Sisi watu wa Katanga tunaijua shaba kwa kuichimba, kuiyeyusha na kuiona ikipakiwa kwenda mbali. Pale niliiona ikifanya kazi ya uzi na sindano, ikiunganisha vitu vilivyotupwa. Kama ningepita kwa sekunde 27, ningesema tu: «Nguo nzuri,» na shaba nisingeiona. Siku ile niliingia vyumba vitatu, basi.

Saa sita na nusu nilishuka. Mdogo wangu alikuwa amesimama pale pale nilipomwacha.

Juu ya kichwa chake palining'inia ndege mkubwa mweusi, mwenye mabawa na mkia mrefu kama wa nyoka. Ni kazi ya Nicholas Hlobo, aliyezaliwa Cape Town mwaka 1975. Aliifanya mwaka 2011 kwa mapira ya ndani ya magurudumu, akiyakata na kuyashona kwa utepe. Mdogo wangu hakuwa peke yake. Kijana mmoja wa kazi katika nyumba ile alisimama karibu naye akimsikiliza, maana mdogo wangu alikuwa anamfundisha: mpira wa namna hii ni wa lori, ule ni wa gari dogo, mpira uliochoka unajulikana kwa kuukunja, na ukitaka kupata tundu lake unauzamisha katika beseni la maji na kungoja povu. Kwa miaka yote aliyokaa katika mji ule, hakuna aliyekuwa amemwuliza anajua nini.

Kijana yule, ambaye ni Mxhosa, akamweleza na yeye maana ya jina la kazi ile, lililo katika lugha yao: ndege wote wa radi wananifuata. Katika masimulizi yao, impundulu ni ndege wa radi, naye anatumwa na wachawi. Mdogo wangu akanyamaza.

Wasomaji wa kwetu wataelewa kwa nini. Sehemu nyingi za Kongo radi inaitwa nkuba, na watu wengi wanaamini kwamba mtu anaweza kumtuma nkuba kwa adui yake. Sisi wawili tulikuwa watoto wakati radi ilipoua mbuzi watano wa jirani. Walimshitaki nkambo wetu, mama wa mama yetu, ambaye siku chache mbele alikuwa amegombana na jirani yule juu ya shamba. Wakamfukuza usiku, akiwa na kitambaa kimoja na sufuria. Mama alimpokea Lubumbashi, akafa huko, kijiji chake hakukiona tena. Nyumbani kwetu habari hii haikutajwa. Mimi na mdogo wangu tulikua, tukaoa, tukazika mama yetu, na hatukuitaja.

Sasa, chini ya ndege yule, akaniuliza: «Yaya, wale mbuzi walikuwa wapi?»

«Chini ya mti mkubwa wa mwembe,» nikasema. «Mvua iliwakimbiza pale. Umeme wa mawinguni unapenda kushuka kwa kitu kirefu, na aliye chini ya mti anauawa nao. Nkambo hakufanya neno.»

«Najua,» akajibu. «Shuleni tulisoma. Lakini kichwa kilijua, na moyo ulikuwa bado unaogopa. Tangu utoto nimemwogopa ndege huyu bila kumwona. Leo nimemtazama saa mbili na nusu. Ni mapira na utepe.»

Tukatoka nje. Njia nzima tulizungumza juu ya nkambo: nyimbo zake, ukali wake, jinsi alivyoficha karanga katika kitambaa chake ili atugawie. Nilimsikia mdogo wangu akilitaja jina lake kwa sauti, kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu tulipokuwa watoto.

Nimefikiri sana juu ya asubuhi ile. Kama ningemshika mkono na kumpitisha ghorofa tisa, nikimsomea kila karatasi, angechoka, angeniitikia «ndiyo, Yaya», tena angepita chini ya ndege kama anavyopita mtu chini ya taa ya barabarani. Mtu mwingine hawezi kujua ni kitu gani kinamngoja nani. Mimi ningedhani ni kazi ya shaba itakayomgusa, maana ilinigusa mimi. Kumbe lake lilikuwa mlangoni kabisa, na lilihitaji saa mbili na nusu.

Basi, ndugu msomaji, ukipata nafasi ya kuingia katika nyumba ya namna hii, shika mashauri haya machache.

Kwanza, usitake kuona yote. Pita kidogo, na kitu kikikuvuta, hata kama ni kwa kukuudhi, simama hapo.

Pili, tazama kabla ya kusoma. Jiulize: kimefanywa kwa kitu gani? Mkono ulikata wapi, ulishona wapi? Kitu hiki nimekwisha kukiona wapi katika maisha yangu? Baadaye soma karatasi. Itakusaidia kama rafiki, haitakuamuru kama kapita.

Tatu, usione haya juu ya kazi yako. Mkulima, mshonaji, kwado, mama wa sokoni, kila mmoja anajua kitu ambacho mwenye vitabu hakijui, na jicho lake litaona mahali ambapo mwingine ni kipofu.

Nne, ukichoka, kaa, ukishiba, toka. Nyumba itakuwapo kesho.

Wala usidhani kwamba sharti kusafiri mbali. Lubumbashi yenyewe ni mama wa mafundi. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua hapo karakana iliyoitwa Hangar, na humo wakatoka Pilipili Mulongoy na samaki wake, Mwenze Kibwanga na mistari yake midogo midogo, na Bela, aliyechora kwa ncha za vidole bila brashi. Mji una nyumba yake ya taifa ya makumbusho, na tangu mwaka 2008 mafundi wa chama cha Picha wanaonyesha humo mjini kazi za siku hizi katika maonyesho yao makubwa. Kinshasa nayo ilipata nyumba mpya ya taifa ya makumbusho mwaka 2019. Vitu vilivyomo vilifanywa na watu wanaosema lugha zetu, waliokula bukari kama sisi, waliosikia radi ile ile tuliyoisikia sisi.

Nenda basi, na nenda na mzee wako au mtoto wako. Mkifika mlangoni, mwacheni kila mmoja achague njia yake. Mwenye kumaliza upesi akae amngoje mwenzake, asimwite.