Rangi ya Kwanza

Mwezi wa Aprili, Kalerwe haikauki. Mvua ikinyesha usiku, mfereji wa Nsooba hufurika, na asubuhi wauza nyanya huhamisha bidhaa zao kukwepa matope. Katika chumba changu karibu na soko, chumvi huloa kikoponi na kurasa za daftari hujikunja. Hayo niliyazoea. Sikujua kwamba rangi nayo inaogopa unyevu.

Mimi hujilipia karo kwa kuchonga teksi ndogo za mbao, mfano wa zile nyeupe zenye mstari wa miraba ya buluu ambazo kila mkazi wa Kampala anazifahamu. Mwaka jana muuza zawadi mmoja aliniagiza 12, kila moja shilingi 25,000. Jumla, 300,000, ilitosha kabisa kumaliza karo niliyodaiwa, na bila kuimaliza nisingefanya mtihani. Nilipewa siku 12.

Kuchonga kulikwenda vizuri. Kabla ya rangi nyeupe, mbao hupakwa rangi ya kwanza, ambayo mafundi huiita praima. Kazi yake ni kuziba vinyweleo vya mbao na kuipa rangi ya juu mahali pa kushika. Mimi hutumia ya kijivu, ya kopo la kupuliza. Siku ya 4, saa moja asubuhi, mvua ikiwa imetoka tu kukatika, nilizipanga teksi zote barazani nikapuliza. Kopo lilikuwa limelala sakafuni usiku kucha, baridi kama jiwe. Badala ya kutoa moshi mwembamba lilitema matone. Rangi ilipokauka ilikuwa na weupe weupe, kama goti lisilopakwa mafuta. Nikajiambia kwamba nyeupe itafunika, na kweli ikafunika.

Siku ya 6 nilibandika utepe ili nichore miraba. Nilipoubandua, rangi yote ilikuja nao, nyeupe na kijivu, mbao ikabaki tupu. Nikajaribu teksi ya pili, kisha ya tatu. Yakawa yale yale. Muhula uliotangulia nilikuwa nimeandika insha juu ya methali "Haraka haraka haina baraka", nikapata alama nzuri sana.

Jioni nilimpelekea teksi moja mzee anayepaka rangi magari kwenye barabara ya Gayaza. Aliikwaruza kwa ukucha.

"Uliipuliza lini?"

"Asubuhi, mzee."

"Baada ya mvua?"

Nilinyamaza. Akanieleza kwamba thina inapokauka huondoka na joto, hivyo uso unaopakwa hupoa kuliko hewa. Hewa ikijaa unyevu, umande hutua juu ya rangi mbichi. Ndio ule weupe. Mbao nayo, ikikaa chumba chenye unyevu, hunywa maji, na rangi haishiki vizuri juu ya maji. Kopo likipoa, gesi yake hupungua nguvu, ndiyo maana lilitema.

"Tundika kipande cha bati nje," alisema. "Kikitoa jasho, mwanangu, weka kopo chini."

Usiku huo nilitaka kuzikausha teksi kwa jiko la mkaa chumbani. Mama jirani alinifokea mlangoni: "Unataka kutuchoma sote?" Alikuwa na haki. Mvuke wa thina na gesi ya kopo hushika moto upesi, na mkaa katika chumba kilichofungwa huua kimyakimya.

Basi nikazipiga msasa zote hadi kwenye mbao, nikazitundika chini ya paa la bati ambako joto la mchana hujikusanya. Siku ya 9, saa tisa alasiri, jua liliwaka na bati langu lilikuwa kavu. Nililoweka kopo katika maji ya uvuguvugu, nikalitikisa, nikajaribu kwanza kwenye kipande cha mbao, kisha nikapuliza tabaka jembamba juu ya jembamba, teksi moja baada ya nyingine. Nilipomaliza ya 7, upepo wa mvua ukaanza. Nikagusa bati. Lilikuwa na jasho.

Zilibaki 5 tu, kazi ya dakika chache. Nilisimama na kopo mkononi nikiihesabu karo. Kisha nikaliweka chini.

Mvua haikukatika hadi kesho yake jioni, na siku zilizobaki zilitosha nyeupe na miraba tu. Nilipeleka teksi 7, nikalipwa 175,000. Zile 5 hakuzitaka tena. Shilingi 125,000 zilizopungua nilichangiwa na wenzangu wa darasa, na baadhi yao wataisoma insha hii. Nusu nimeshairudisha. Nusu nyingine iko njiani, ila msiniharakishe: mvua bado zinanyesha, na kila asubuhi naanza kwa kugusa bati.